Somoe, Banda Hufumuliwa

Lindi, 17 Julai

Mwanangu Somoe,

Asalaam aleykum. Huku sote wazima. Mama yako alirudi juzi kutoka Mtama, alikwenda kumwangalia bibi yako. Goti lililokuwa likimsumbua tangu mvua zikatike limetulia, sasa anafika uani bila fimbo. Salamu zako zimemfikia na amekuombea dua.

Usiku ule uliponipigia simu sikulala. Ulikuwa unalia, na nyuma ya sauti yako nasikia nyundo. "Baba, wanalivunja." Tarehe 13, maonesho ya biashara ya Sabasaba huko Dar yamefungwa jioni ileile, na banda ulilolichora kwa mkono wako mwenyewe vijana wanalipiga chini, vipande vinarushwa kwenye lori kama kuni. Ukaniuliza ni kazi gani hii, ya kukaa karakana mwezi mzima kwa ajili ya kitu cha siku 16. Kabla sijajibu salio likakuishia. Nami nikaona afadhali, kwa sababu jibu langu ni refu na lina vipimo ndani yake, halisemeki kwa simu.

Mimi nilianza kujenga mabanda uwanja wa maonesho wa Ngongo, hapa Lindi, kabla wewe hujaanza shule. Awali nilikuwa mtu wa vitanda na milango ya mninga, kazi ambayo mteja akiichukua anaizeekea. Kikaja chama kimoja cha wakulima wa korosho, wanataka banda la mita 3 kwa 3 la maonesho ya wakulima ya Nane Nane. Nikalijenga kama ninavyojenga kitanda. Misumari ya inchi 3 na inchi 4 kila kona, gundi juu yake, msasa, vanishi. Lilipokwisha lilikuwa zuri kweli. Siku ya kulipeleka halikupita mlangoni. Tuling'oa fremu ya mlango wa karakana kulitoa, na kwenye Fuso likazidi upana wa bodi, tukalilaza kiubavu na kulifunga kamba, dereva akaenda polepole mpaka Ngongo huku nimeshikilia roho. Tarehe 8 Agosti jioni wakaniambia wanataka uwanja wao. Misumari ile na gundi ile haikutoka kwa njia nyingine, nilichukua nyundo nikalivunja mwenyewe. Plaiwudi 9 zilikwenda, iliyorudi nzima ilikuwa 1.

Kwa hiyo kilio chako nakijua. Lakini nataka ujue kilichokuliza. Hukulia kwa sababu banda limeondoka, maana ulijua tangu siku ya kwanza kwamba litaondoka. Ulilia kwa sababu limevunjwa. Ulipokuwa mdogo mama yako alikusuka, na baada ya wiki mbili alikufumua. Hakuna aliyewahi kuchukua mkasi. Banda la maonesho ni hivyohivyo, linasukwa na linafumuliwa. Fundi anayelijenga lazima awe na siku ya kufumua kichwani tangu anapopiga mstari wa kwanza kwenye ubao. Ofisi yenu, kwa ulivyonieleza, inajenga kwa misumari kwa sababu ni haraka. Ni haraka mara moja tu. Kila mwaka wananunua mbao upya.

Sasa chukua kalamu.

Plaiwudi unayoijua ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Uliniambia ulitumia nzima. Ukuta wa mita 3 ukila plaiwudi mbili nzima, inabaki sentimita 56 za kujaza, na kipande hicho ndicho kinachoharibu kazi, kwa sababu hakikai mahali pengine popote. Ukikipoteza au kikivimba umepoteza ukuta. Mimi kila plaiwudi naichana sentimita 22 nikabaki na mita 1 kamili. Paneli 3 kwa kila ukuta, kuta 3, jumla paneli 9, na zote ni pacha. Yoyote inakaa popote. Na vile vipande vya sentimita 22 ndivyo rafu zako, 9, kila kimoja na urefu wa mita 2.44, hununui ubao mwingine.

Kila paneli ina fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili nyuma yake. Nina ubao mmoja wa mkongo, umekwisha kuwa mweusi kwa mikono, una matundu 3: la kwanza sentimita 20 kutoka chini, la pili katikati, la tatu sentimita 20 kutoka juu. Utakumbuka, ulikuwa unauchezea ukiufanya simu. Ule ndio roho ya karakana yangu. Kila fremu naubana ubao huo ubavuni kwa klampu, natoboa kwa kuufuata, wala sipimi kwa futi paneli moja moja, kwa sababu jicho huchoka na mkono hudanganya. Na kwa kuwa matundu yanalingana juu na chini, hata kijana akiigeuza paneli miguu juu, bolti inapita. Usiku wa kuamkia ufunguzi, taa hafifu na kila mtu amechoka, utaona faida yake.

Tundu liwe milimita 11, bolti milimita 10. Ile milimita 1 usiione ndogo. Uwanja wa Ngongo hauko sawasawa, na hata sakafu za kumbi za huko Dar zina mabonde yake. Pasipo nafasi hiyo utaiingiza bolti kwa nyundo, na bolti iliyoingia kwa nyundo haitoki bila nyundo. Weka washa, yale mapete bapa ya chuma, pande zote mbili ili nati isile mbao. Nati ziwe zile zenye masikio, za kukaza kwa vidole, kwa sababu spana ndiyo kitu cha kwanza kupotea. Gundi usiweke popote panapokutana paneli na paneli. Weka gundi kati ya plaiwudi na fremu yake tu, hizo zimeoana.

Kuhusu mbao, jambo moja. Paina inayoshuka kutoka Mufindi mara nyingi inafika bado na maji. Usiinunue Juni ukaifanya fremu Juni. Nunua Aprili au Mei, ipange kivulini, vijiti vya kutenga kati ya ubao na ubao, upepo upite. Fremu iliyopinda hata kidole kimoja haikubali ubao wa matundu. Kaunta tu ndiyo naifanya kwa mtiki wa Rondo, kwa sababu ndiyo watu wanayoishika.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijakueleza vizuri, ulikuwa mdogo na tulilinyamazia nyumbani.

Mwaka wangu wa tatu Ngongo nilijenga banda la kikundi cha kina mama wabanguaji. Wakati huo nilikwisha acha misumari, nafunga bolti, najiona nimejua. Nikataka kuweka mbao za mshazari nyuma ya kuta. Mwenye shughuli akasema zinaharibu sura, wageni wataziona wakizunguka nyuma. Nikakubali. Nikasimamisha kuta kwa vigingi vya futi moja ardhini, basi. Unajua Agosti huku ni kusi. Asubuhi lilikuwa shwari, baada ya adhuhuri likaanza kuvuma, na tarehe 3, saa 9 alasiri, ukuta wa nyuma uliinama mara moja, ukarudi, ukainama tena na haukurudi. Chini yake alikuwa binti mmoja aliyekuwa akigawa korosho za kuonja. Mtulinga ulivunjika. Nilimbeba mimi na mwenzangu mmoja, sinia lilikuwa bado mkononi mwake. Alipona, namshukuru Mungu, na nilibeba gharama zake, lakini mkono ule haupandi juu ya kichwa kama zamani. Ana duka sasa. Kila nikipita namsalimia, ananiitikia kwa heshima, na kila mara naangalia ule mkono.

Mwenye shughuli alisema neno lake, lakini aliyejua uzito wa ukuta nilikuwa mimi. Kosa lilikuwa langu.

Mjomba wangu, yule aliyenifundisha randa, alikuwa fundi wa mashua hapa pwani. Jioni ile nilikwenda kwake nikamsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umetweka tanga nchi kavu, ukasahau demani." Demani ni ile kamba ya kulishikilia tanga. Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu. Ukuta wa mita 3 kwa 2.44 unapita mita 7 za mraba. Nilikuwa nimesimamisha tanga zima mbele ya kusi, na nimelishikilia kwa vigingi vya futi moja.

Tangu siku hiyo sijasimamisha ukuta bila vitu hivi: miguu inayotoka nyuma sentimita 60, mbao ya mshazari kutoka kila mguu hadi juu ya fremu, viroba viwili vya mchanga juu ya kila mguu, na mtambaapanya mbele unaozishika kuta mbili za pembeni zisiachane. Mteja akisema sura inaharibika namwambia tutazifunika kwa khanga au turubai. Akikataa, namrudishia malipo yake ya awali. Nimefanya hivyo mara mbili, na mara moja ilikuwa mwezi ambao ada yako ya chuo cha ufundi cha VETA haijalipwa. Mama yako aliniuliza fedha ziko wapi, nikamweleza, akanyamaza, akauza kuku. Huko kwenu ndani ya ukumbi hakuna kusi, lakini kuna watu, na watu huegemea. Mtoto hupanda rafu. Mwanangu, usimsikilize mtu yeyote, awe bosi au waziri, kwenye jambo la mshazari.

Nimekuandikia mabaya mengi. Nikwambie na linalonifanya nisiache.

Mwaka juzi walitaka sanduku la kuonesha madaraja ya korosho zilizobanguliwa. Ilinibidi niyajifunze. Korosho ikiandikwa W320 maana yake ratili moja ina punje 300 hadi 320. W240 ni kubwa zaidi, W180 ndizo za wafalme. Nilitengeneza sinia la mtiki lenye vyumba 6, kila chumba na kina chake, ili punje kubwa na ndogo zote zifike juu sawasawa kwa uzito uleule, na kioo juu. Nikaliegemeza kidogo kuelekea kwa mgeni. Kabla ya hapo kaunta zangu zilikuwa juu mno, sentimita 110, zimelala bapa, na nilikuwa nimeona wazee wakichungulia bila kuona kitu na watoto wakinyanyuliwa. Kaunta hii niliishusha mpaka 90. Siku ya pili akaja bibi mmoja kutoka vijiji vya Ruangwa, amevaa khanga mbili, akasimama mbele ya sinia muda mrefu. Amelima mikorosho maisha yake yote, anauza ghafi, mnada unapita, gunia linakwenda. Alikuwa hajawahi kuziona zikiwa nyeupe zimepangwa kwa daraja. Akaweka kidole kwenye kioo juu ya W180, akauliza, "Hizi zimetoka kwetu?" Akaambiwa ndiyo. Akauliza bei, akaambiwa. Akarudi baadaye na wanawake wengine wanne, akawaonesha yeye mwenyewe, wala si mhudumu.

Banda lile lilisimama siku 8. Tulilifumua watu wanne kwa dakika 40, hakuna ubao uliochanika, na paneli zile zimo stoo hapa nyuma, huu ni msimu wao wa tatu. Sinia liko kabatini, nimelifunga kwa gazeti.

Basi kuhusu ofisi. Usiache kazi kwa hasira. Nenda kwa bosi wako na karatasi, mwandikie banda moja la paneli 9 linagharimu kiasi gani kwa bolti, na yale ya misumari yamemgharimu kiasi gani kwa miaka mitatu. Vitabu vya manunuzi viko hapohapo ofisini, hesabu utaipata. Mwombe banda moja tu ulijenge kwa njia hii. Akikataa, basi ujuzi huu ni wako, utakungoja.

Na kama wanakupa likizo baada ya Sabasaba, njoo. Nane Nane inaanza tarehe 1, nataka kuanza kusimamisha tarehe 27, na mwaka huu nina mabanda mawili, moja la watu wa ufuta. Huyu kijana niliyenaye mkono wake mzuri lakini hana subira ya msasa. Nataka wewe ndiye usimamie la pili, kuanzia vigingi mpaka kufumua.

Ukija pita maduka ya Gerezani hapo Dar uninunulie bolti za milimita 10, urefu inchi 5, pamoja na nati za masikio na washa. Banda moja lina maungio 8, kila ungio bolti 3, hizo ni 24. Chukua 30, kwa sababu kila mwaka kadhaa hupotea mchangani. Washa chukua 60. Angalia uzi wa kila bolti kwa kuizungushia nati mpaka mwisho ukiwa palepale dukani, usikubali kufungiwa mfuko. Fedha nakutumia kesho asubuhi. Panda basi la alfajiri ili ufike kabla ya magharibi, nitakuwa stendi.

Mama yako anauliza kama bado unakula samaki wa kukaanga wa Mnazi Mmoja yetu ya Lindi au Dar imekubadilisha.

Baba yako