Barua kwa Ndugu Shabani kuhusu Rangi ya Kuzuia Kutu kwenye Tela

Morogoro,
9 Juni

Ndugu yangu Shabani,

Nakusalimu kwa heri, nikitumai kwamba wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Bagamoyo. Picha za tela ulilonunua zimenifikia, nami nimezitazama kwa makini kabla ya kulijibu swali lako la kuchagua kati ya rangi ya zinki, redi oksaidi na lami. Kwa sasa ninakusihi usinunue mkebe wowote, kwa sababu rangi itakayokufaa itaamuliwa na hali ya chuma utakachokiona baada ya kuondoa kutu, wala si na sifa zilizoandikwa kwenye mkebe au zinazotajwa na mwenye duka.

Umenieleza kwamba utabebea samaki na barafu. Maji ya barafu inayoyeyuka, yakichanganyika na chumvi, yatapenya kwenye maungio ya bati la sakafu na kutuama juu ya chenali, yaani vyuma vya fremu vyenye umbo la U, mahali ambapo brashi ya fundi haifiki kwa urahisi. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kwa kuwa kutu hutokana na umeme mdogo unaopita kati ya sehemu mbili za chuma kilekile, kazi yake huenda mbio. Chumvi ikibaki ndani ya vishimo vya kutu kisha ikafunikwa kwa rangi, itavuta unyevu kupitia kwenye utando wa rangi hiyo hadi malengelenge yatokee, hata kama rangi ni ya bei kubwa na mpakaji ni hodari. Kwa hiyo lioshe tela lote kwa sabuni na maji baridi ya bomba kabla ya kuanza kusugua, kisha lioshe tena baada ya kusugua, na usitumie maji ya kisima chenye chumvi.

Magamba mazito yagonge kwa nyundo, halafu utumie grenda yenye brashi ya waya, na umalizie kwa msasa, kwa kuwa brashi ya waya peke yake huweza kuing'arisha kutu iliyoshikamana ikaonekana kama chuma safi. Rangi ya zamani katika magari ya aina hiyo huenda ina risasi, hivyo isugue kwa msasa wa maji na uwaweke watoto mbali na vumbi lake.

Hapo ndipo swali la rangi linapopata jibu. Rangi yenye zinki nyingi hukilinda chuma kwa sababu zinki hukubali kuliwa kwanza, lakini hufanya hivyo iwapo tu chembe zake zinagusana na chuma kitupu. Kwenye chuma kilichopulizwa mchanga kwa mashine hadi kikawa cheupe, sina cha kuipinga. Kwenye chuma kilichosuguliwa kwa grenda uani kwako, ambacho vishimo vyake bado vina kutu, zinki hiyo inabaki kuwa rangi ya kijivu ya gharama kubwa. Tena usiifunike zinki kwa rangi ya kawaida ya mafuta, maana mafuta hayo hugeuka kuwa kama sabuni yanapokutana na zinki yenye unyevu, na rangi hubanduka vipande vipande. Kwa sababu hiyohiyo mabati mapya yaliyopakwa rangi ya mafuta moja kwa moja hubanduka.

Kuhusu redi oksaidi, ambayo kila fundi atakushauri uitumie, fahamu kwamba wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani jamaa wa karibu wa kutu yenyewe. Wekundu huo hauzuii kutu, bali unasaidia kuziba tu. Soma mkebe, na ukikuta imeandikwa kwamba ndani yake mna fosfati ya zinki, hiyo ni praima ya kweli, yaani rangi ya kwanza inayokilinda chuma. Ukikuta jina la rangi peke yake, uiache dukani.

Kwa tela lako mimi ningechagua epoksi ya mikebe miwili, yaani rangi inayochanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha, kutoka mkebe wa pili, ile nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma kilichosafishwa kwa mikono, ningepaka mikono miwili, yaani tabaka mbili, na juu yake ningemalizia kwa poliyurethani, rangi ya juu inayostahimili jua, kwa kuwa epoksi ikiachwa juani huchujuka na kutoa unga mweupe. Lita 1 ya epoksi yenye asilimia 80 ya yabisi, yaani kile kinachobaki rangi ikikauka, ikipakwa kwa unene wa mikroni 125 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hufunika kama mita za mraba 6 kwa hesabu, na kwa mkono wa binadamu hupungua zaidi. Changanya kidogo kidogo, maana kwa joto la pwani mkebe uliokwisha kutiwa hadena hauchukui muda kuganda. Poliyurethani ipakwe kwa brashi au rola, si kwa kupuliza, kwa sababu hadena yake ina kemikali zinazoumiza mapafu na barakoa ya kitambaa haizizuii. Fundi akitaka kuipunguza uzito kwa petroli ili ikauke haraka, mkatalie. Atumie tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, iliyotajwa na watengenezaji.

Fedha zikipungua, praima ya fosfati ya zinki mikono miwili na rangi ya mafuta mikono miwili zitakusaidia, ila ukubali kuirekebisha kila mwaka. Lami ningeiacha kabisa, kwani hupasuka juani na maji hukaa chini yake bila wewe kuyaona. Oili chafu ni shauri la madereva wengi, na si uongo kwamba hupunguza kutu, lakini hudondoka barabarani, na chuma kilichoinywa hakishiki tena rangi mpaka ukisafishe upya.

Kabla ya kupaka eneo lote, pitisha brashi kwenye kingo, vichwa vya bolti na mishono ya kuchomelea, kwa kuwa rangi inapokauka hujivuta kutoka kwenye kingo kali na kuziacha nyembamba. Skwea paipu ya mkono wa kuvutia huoza kutokea ndani, hivyo toboa tundu la kutolea maji upande wa chini na umimine nta ya kuzuia kutu ndani yake baada ya rangi kukauka. Fanya kazi hiyo katika kipupwe hiki, kuanzia asubuhi jua likishakausha umande, na uache mapema kabla chuma hakijaanza kupoa jioni.

Usipake rangi pale gurudumu linapokaa kwenye habu, yaani kitovu linapofungiwa kwa nati, kwa sababu rangi nene hulika na nati zikalegea njiani. Pale waya wa ethi wa taa, yaani wa kurudishia umeme, unapofungwa kwenye chesisi, acha chuma kitupu, ufunge, kisha upake grisi juu yake, la sivyo taa za nyuma zitakusumbua kila siku. Ukishasugua, nitumie picha za chenali za chini, hasa ile ya kushoto iliyovimba karibu na springi, kwani naona huenda inahitaji kukatwa na kuchomelewa upya kabla ya kufikiria rangi.

Msalimie sana shemeji.

Wako,
Hamisi