Sindano ya ndugu yangu ipatikane zahanati

Mhariri,

Ndugu yangu mdogo huchomwa sindano ya ugonjwa wa akili kila baada ya wiki nne. Akiipata, ndiye hutangulia shambani alfajiri, na katika kupalilia mpunga hapa Ahero hatumfikii. Asipoipata, usingizi humpaa, kisha huanza kuwaitikia watu tusiowaona.

Korona ilipoingia nchini Machi 2020, matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba 8, nauli ya kwenda Kisumu ikapanda. Nilikopa, tukaenda. Kliniki tuliyoizoea tuliikuta imefungwa, wauguzi wake wamehamishiwa wadi ya Korona. Bawabu akatuambia turudi mambo yakitulia. Simlaumu, wala wauguzi siwalaumu, maana walikuwa wakihatarisha maisha yao. Lakini ugonjwa wa ndugu yangu haukungoja mambo yatulie.

Wiki ya saba alitoka nyumbani usiku, saa za kafyu. Hakuna mtu wa bodaboda aliyethubutu kutubeba. Baba alimtafuta kwa miguu kando ya mashamba ya mpunga mpaka kukapambazuka, akamkuta ameketi ukingoni mwa mfereji, anatetemeka kwa baridi. Baadaye Baba alituambia kwamba usiku kucha alikuwa akiliita jina lake kwa sauti ya chini, asije akasikiwa na polisi kwanza.

Kipindi hichohicho, jirani yetu anayetumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, na hali yake haifichi, hakukosa dawa hata siku moja. Wagonjwa kama yeye ambao hali zao zilikuwa imara walipewa dawa za miezi 3 kwa mpigo ili wasisongamane hospitalini. Nilifurahi kwa ajili yake. Sisi wa Nyanza tumezika wengi mno kabla dawa hizo hazijasogezwa hadi vituo vya karibu, kwa hiyo hakuna haja ya kutufundisha maana ya dawa kuwa karibu na mgonjwa.

Basi kwa nini wagonjwa wa akili wasifanyiwe vivyo hivyo? Muuguzi wa zahanati anayewachoma akina mama sindano ya kupanga uzazi kila miezi 3 hawezi kushindwa na hii, akipewa mafunzo na dawa zisipokauka kabatini. Daktari wa akili abaki mjini, tumwendee mara mbili kwa mwaka au hali ikibadilika. Wanaomeza vidonge na wametulia, wapewe vya miezi kadhaa. Tena yafanyike sasa, kabla ya mlipuko mwingine kutukuta palepale.

Julai 2020, jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa, kaunti zikakabidhiwa jukumu la huduma hizi. Nawaomba wawakilishi wadi wetu, bajeti ya afya itakapoletwa mbele yao, waulize fungu la dawa za akili ni kiasi gani, na kati ya hizo ni ngapi zitakazovuka mipaka ya mji wa Kisumu.

Tarehe ya ndugu yangu ni Alhamisi ijayo. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, nimeshaitenga.

Dada wa mgonjwa,
Ahero, Kaunti ya Kisumu