Barua kwa Zai: mfuko ukiwa mtupu

Zai mpenzi,

Salamu kwanza. Natumaini u mzima, na goti la mama limetulia. Mimi sijambo, ni kazi tu. Nimekaa kimya tangu msiba wa Bi Tunu na najua ulinitazamia. Nisamehe, hayo tutayazungumza siku nyingine kwa kirefu. Usiku huu nakuandikia kwa ajili ya yule shume wako, paka dume aliyeziba njia ya mkojo.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Ulimzibua juzi jioni, ukamtoa mpira wa mkojo asubuhi yake kwa kuwa mwenye paka alimtaka nyumbani, leo mchana karudishwa kibofu kigumu kama ndimu, umemwekea mpira tena, na sasa unaniuliza uutoe lini. Nitakujibu. Lakini katikati umepitisha sentensi moja kama vile haina uzito: kwamba usiku ule wa kwanza mfuko wa mkojo ulikuwa karibu mtupu, nawe ukaona ni heri, maana amekwisha kutoa alichokuwa nacho. Hiyo ndiyo iliyoniondoa usingizi.

Mimi niliwahi kufikiri hivyohivyo, na sijapata kukusimulia. Mwaka wangu wa pili kazini aliletwa paka wa kijivu, kilo tano, mpole hata akiumwa. Siku mbili nzima alikuwa anaingia na kutoka kwenye mchanga wake, anachutama, watu wa nyumbani wakidhani kafunga choo. Mpira uliingia saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku nikapima mfuko: mililita 160. Saa nane nikachungulia, haujaongezeka kitu. Paka amejikunja, ametulia, nikajiambia figo zimeshiba. Nikarudi kitandani na dripu ikaendelea kumwingia.

Alfajiri nilipomshika tumbo, kibofu kilikuwa kimejaa upya. Mpira ulikuwa umekunjika chini ya paja, pale plasta ilipoishia, mkunjo mdogo ambao jicho halikuuona. Niliukuta kwa kidole. Nilipounyoosha mkojo ulitoka mwekundu kwa kishindo, na moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno. Alipona, Zai, ila alikaa kwetu siku sita badala ya mbili. Mwenyewe alipokuja kumchukua alinishika mikono yote miwili akinishukuru, nami sikumwambia kitu. Nilimwambia mwezi uliofuata, alipomleta chanjo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Asante kwa kunieleza." Bado nakumbuka uso wake.

Kwa hiyo leo usiku, ukikuta mfuko mtupu, usifurahi. Mshike tumbo kwanza. Kibofu kikiwa kidogo na laini, sawa, rudi uangalie dripu na unyevu wa mwili wake. Kikiwa kimejaa, fuata mpira kwa vidole tangu unapotoka mwilini hadi mfukoni, kila inchi. Mara nyingi ni mkunjo, au kifunga kimesahaulika, au donge la damu na ule ute wenye fuwele limekaa ndani. Vaa glovu safi, safisha kiungio, sukuma mililita chache za salaini safi, yale maji ya chumvi, taratibu. Isipopita, huenda ncha imechomoka kibofuni, usilazimishe. Na plasta ya mkiani uache mpira ukiwa na ulegevu kidogo, upite nyuma ya mguu, usiupitishe chini ya paja. Kola ya shingoni asivuliwe hata akikulilia. Dakika moja inamtosha kuung'oa kwa meno.

Pima mkojo kila baada ya saa nne na uandike. Paka aliyetulia hutoa kama mililita moja hadi mbili kwa kila kilo kwa saa, yaani huyo wako wa kilo tano ni tano hadi kumi. Lakini aliyetoka kuzibuliwa figo zake zinaweza kufungulia maji kama bomba. Yule wangu wa kijivu, mililita 160 kwa saa nne ni 40 kila saa, na dripu ikienda 15 tu angekuwa amepoteza 100 ndani ya hizo saa nne, huku kila mtu akisema anakojoa vizuri. Linganisha kinachoingia na kinachotoka, pandisha dripu imfuate. Ila kesho au keshokutwa uanze pia kuipunguza kidogokidogo, la sivyo atakojoa kwa sababu wewe unammiminia, na hutajua figo zimerudi lini.

Potasiamu ya damu umempima tena? Jioni huwa iko juu na ndiyo inayoua, kesho mchana inaweza kuwa imeshuka chini ya kawaida kwa sababu ya mkojo huo mwingi. Kalsiamu uliyompa ilimlinda moyo kwa nusu saa hivi, potasiamu yenyewe haikuiondoa. Sikulaumu, umeandika kwamba ulimpa taratibu huku ukisikiliza moyo, na ndivyo ilivyo. Nakukumbusha tu kwamba kipimo cha jioni hakikusemei ya asubuhi.

Umeuliza kuhusu antibiotiki ya kuzuia. Mimi simpi paka dawa hiyo mpira ukiwa ndani, kama hakuna dalili ya maambukizi. Bakteria watafika tu, na watakaobaki ni wale sugu. Kinachomkinga ni mikono yako: mfuko uliofungwa usiofunguliwa ovyo, uwe chini ya usawa wa paka lakini usilale sakafuni, na usinyanyuliwe juu yake hata unapombadilishia matandiko, mkojo usije ukarudi. Sehemu ya mpira inayoonekana ifutwe kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na maji. Na tafadhali usipeleke maabara ncha ya mpira wala mkojo wa mfukoni. Vitakuonyesha wadudu ambao si ugonjwa.

Dawa ya maumivu asikose, huo mrija wa mkojo wa ndani umevimba na unakaza. Zile za kupunguza uvimbe zinazogusa figo ziache kwanza mpaka kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, ishuke.

Sasa swali lako. Sitazami saa. Natazama mkojo umekuwa wa manjano usio na madonge, vipimo vya figo vimeshuka, kiasi kinachotoka kimekaribia kinachoingia. Kwa wengi ni siku moja hadi mbili, wengine tatu. Ukishautoa asiende nyumbani siku hiyohiyo. Abaki mpaka umemwona kwa macho yako akikojoa mwenyewe, tena mkojo wa kutosha, si matone, kisha umguse tumbo tena. Mwenyewe akikusukuma, mkalishe chini umweleze. Jana, nadhani, hapo ndipo mlipoteleza wote wawili, na ninasema hivi kwa mapenzi.

Kitu kimoja kuhusu kuuingiza, kwa kuwa hii ilikuwa mara ya pili na mrija wake umeshachubuka. Kabla ya kusukuma, vuta govi lake nyuma kuelekea mkiani, njia inyooke. Utahisi mkwamo unalegea, kama mlango uliokuwa umekaza. Salaini ifanye kazi, mkono usifanye nguvu. Na ule mpira mgumu wa kuzibulia usiuache ndani; mlainishie njia nao, kisha umwekee ule laini, ncha iingie kibofuni kidogo tu. Ukiingia mrefu mno unasugua ukuta.

Hebu niambie sasa. Nani anakaa naye usiku huu, ni wewe au yule kijana? Anajua kumshika tumbo, au anaangalia mfuko tu? Mizani ya kupimia paka mnayo, umpime asubuhi na jioni? Umempiga picha kuona kama kuna jiwe, au unadhani ni ute na fuwele tupu? Mwenyewe yuko tayari kwa chakula chenye majimaji na mabeseni mawili ya mchanga, au hajasikia bado? Na hali ikizidi kurudi, mna wa kumfanyia ule upasuaji wa kumpanulia njia? Mwanaidi bado anafanya?

Nimeacha simu wazi pembeni ya mto. Ukiamka saa kumi alfajiri, mshike tumbo, soma mfuko, kisha niandikie namba zote mbili.

Wako,
Rehema