Anzia stoo: barua kuhusu historia ya klabu yenu ya pentiboli

Mwanangu mpendwa,

Huku wote wazima, mama yako anakusalimu. Umeuliza uanzie wapi, maana wenzako huko Marekani wamekutupia kazi ya kuandika historia ya mwanzo ya klabu yenu ya pentiboli, mchezo wa kulengana kwa bunduki za gesi zinazorusha vidonge vya rangi. Anzia stoo. Makombe yatakuonyesha siku klabu iliposhinda, lakini hayatakwambia ilianza lini wala ilikufa mara ngapi hapo katikati. Klabu ya wanafunzi hufa kirahisi: miaka 4 ikiisha watu wanahitimu, na wakiondoka wale wawili wenye gari na ufunguo wa stoo, basi tena.

Kwanza jua mpaka wa nyuma. Mchezo wenyewe ulichezwa mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1981, msituni Henniker, New Hampshire. Walikuwa watu 12, kila mmoja kivyake, wakitafuta bendera. Walitumia bunduki ya Nel-Spot 007, iliyotengenezwa na Daisy kwa ajili ya kampuni ya rangi ya Nelson, na kazi yake halisi ilikuwa kutia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa kazi za misitu, naye hakufyatua hata risasi moja. Kwa hiyo mzee yeyote wa klabu akikwambia walianza 1979, anakupiga fiksi.

Ukienda maktaba kupekua magazeti ya wanafunzi, usitafute neno "paintball" peke yake. Miaka ile mchezo ulienezwa kwa jina la National Survival Game, kwa hiyo tafuta pia "survival game". Na uwe macho: mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyuo vingi vya huko vilikuwa na mchezo wa kuwindana mabwenini kwa bunduki za kuchezea. Huo ni mwingine kabisa, usiuhesabu.

Sasa stoo. Panga bunduki kwa jinsi zinavyokokiwa. Ile ya kukoki kwa mkono kila risasi, yenye kikatriji cha gesi cha gramu 12 na kijineli cha risasi 10, ndiyo ya zamani zaidi. Zikafuata za pampu, unavuta nyuma na kusukuma mbele chini ya mtutu, kisha watu wakaanza kuzifunga mtungi mkubwa badala ya katriji. Zile za kufyatua tu bila kukoki zilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, na hapo ndipo gharama za klabu zilipopaa. Mtu wa pampu huweza kumaliza siku nzima kwa risasi mia mbili. Mwenye bunduki ya kujikoki anazimaliza kabla ya chai. Ukiona kwenye daftari la mweka hazina manunuzi ya risasi yameruka ghafla kutoka boksi moja hadi matano (boksi la siku hizi huwa na 2,000, katika mifuko minne ya 500), usidhani wanachama waliongezeka. Huenda zilibadilika bunduki tu.

Risasi zenyewe hazitakusaidia sana. Ni vidonge vya jelatini, unene inchi 0.68, yaani kama milimita 17, uzito kama gramu 3. Jelatini hunyonya unyevu, hivyo vilivyokaa stoo vimevimba au vimepata bapa upande mmoja. Ukivipiga vitapasukia ndani ya mtutu. Tupa vyote. Ila nguo za zamani ziangalie: vidonge vya mwanzo vilikuwa na rangi ya mafuta, iliyotoka kwa tapentaini tu. Ovaroli yenye madoa yasiyokubali maji ina umri mkubwa kuliko wewe.

Mitungi ndiyo yenye mengi. Geuza mtungi wa alumini karibu na shingo, utakuta umechongwa DOT 3AL1800 (alama ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani), kisha namba, kisha mwezi na mwaka, katikati yake alama ya mkaguzi. Hiyo ni tarehe ya kutengenezwa. Mitungi yenye kipenyo cha zaidi ya inchi 2 hupimwa upya kwa maji kila miaka 5 na kupigwa tarehe mpya. Sasa tuseme umekuta 1991, halafu 1996, halafu 2004. Kipimo cha 2001 kiko wapi? Inawezekana klabu ililala. Mtungi mmoja si ushahidi, labda ulinunuliwa mtumba; lakini mitatu yenye pengo lile lile, hapo una jambo la kuandika.

Nakuonya kabla hujagusa. Kabla ya kufungua mtungi, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye valvu hadi kwenye mtungi. Ukizungusha na mstari ukakatika, maana yake valvu ndiyo inayofunguka, si mtungi kutoka kwenye bunduki, na valvu ikichomoka mtungi huruka kama roketi. Watu wamekufa hivyo. Simama hapo hapo, upeleke kwa fundi. Na usikubali ujazwe kabla ya kupimwa, hata kama unang'aa.

Utakuta pia mizani stoo, na wenzako watauliza ya nini. Gesi ya kaboni (CO2) hujazwa kwa uzito, si kwa geji: maadamu kuna kimiminika ndani, geji husoma presha ile ile, mtungi ukiwa nusu au umejaa. Wa aunsi 20 hubeba gramu 567 za gesi, usizidishe. Ukizidisha, jua likiupiga kisahani cha usalama hupasuka na gesi yote inatoka kwa kishindo. Presha nayo hufuata joto: nyuzi 0 ni kama bar 35, nyuzi 21 ni kama 58. Ndiyo maana kwenye rekodi za zamani utaona kasi za risasi zikipimwa asubuhi na kurudiwa mchana. Kikomo kilichozoeleka ni futi 300 kwa sekunde, karibu mita 91. Bunduki iliyopita asubuhi kwenye baridi huweza kuvuka mchana bila mtu kuigusa.

Miwani ya mwanzo ilikuwa ya karakana. Yoyote isiyo na alama ya ASTM F1776, kiwango cha kinga ya macho kwa pentiboli, ipige picha kwa ajili ya historia, usiivae.

Mwisho ni makaratasi, nayo yatakuchanganya, maana klabu huwa na siku tatu za kuzaliwa: siku wanafunzi walipoanza kwenda msituni, siku chuo kilipoisajili, na siku ya shindano la kwanza na chuo kingine. Usichague moja, andika zote tatu. Faili la usajili litakuwa na katiba na jina la mwalimu mlezi. Tafuta humo ruhusa ya kutunza bunduki. Vyuo vingi hupiga marufuku silaha bwenini, hata hizi, kwa hiyo mara nyingi zilitunzwa na polisi wa chuo, na kitabu chao cha kutoa na kupokea vifaa kinaweza kuwa bora kuliko kumbukumbu za klabu yenyewe. Kaombe kwa adabu.

Nitumie tarehe za mitungi yote kwanza, moja moja, na picha ya shingo ya kila mmoja. Ule wenye kutu kwenye valvu usiutikise.

Baba yako