Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: minyoo na chanjo za watoto wa ziwani

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka kando ya Ziwa Victoria. Mimi ni fundi sanifu maabara, na siku zangu nyingi zimepita nikipima kinyesi cha watoto kwa hadubini. Yai la kichocho cha tumbo ukiliona mara moja hulisahau: refu, la rangi ya manjano iliyofifia, na ubavuni limechomoza mwiba.

Mwaka jana mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka minne. Kadi ya kliniki ilikuwa safi, hakuna chanjo iliyorukwa, na kwenye slaidi mayai yalikuwa yametapakaa. Akaniuliza, "Sasa hizo sindano zimemshika kweli?" Sikuwa na jibu, na swali lile limenikalia rohoni hadi leo.

Yaliyoonekana kwa panya wa maabara yanatosha kumfanya mtu asilale. Kuna mnyoo wa panya uitwao Heligmosomoides polygyrus, unaokaa kwenye utumbo mdogo. Ili usifukuzwe, unaingilia amri za mwili wenyewe. Kinga ina seli za kupigana, na ina pia seli T za kudhibiti, ambazo kazi yake ni kutuliza vita visije vikaunguza nyumba. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba mnyoo huu unatoa protini inayoiga ishara ya mwili ya kuamuru utulivu. Haifanani kwa umbo na ishara halisi, ila inaingia kwenye kufuli lilelile. Seli za kudhibiti zinaongezeka, nao mnyoo unastarehe. Kabla ya hapo, mwaka 2005, seli hizo zilitolewa kwa panya wenye minyoo zikapandikizwa kwa panya wasio nayo, na mzio wa mapafu ukapungua. Yaani hata mnyoo usipokuwepo, seli ulizozifunza zinaendelea kutuliza.

Hapo ndipo chanjo inapoingia. Mwaka 2006, panya waliochanjwa dhidi ya malaria huku wana mnyoo huo walitengeneza kingamwili chache, yaani protini za kinga zinazopambana na vimelea, na malaria ikawashinda. Walipopewa dawa ya minyoo kabla ya chanjo, kinga yao ikarudi. Mwaka 2019 watafiti wa Hamburg, wakitumia mnyoo mwingine, waliona chanjo ya mafua ikidhoofika hata kwa panya ambao minyoo ilikuwa imeshakwisha mwilini. Hilo la pili ndilo linanitisha zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba kuchelewa kutibu kuna gharama.

Najua mtoto si panya. Hapa hapa Mwanza, chanjo ya kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi ilifanyiwa utafiti, na kichocho na minyoo havikupunguza kingamwili za wasichana. Na kule Entebbe, Uganda, watoto ambao mama zao walipewa albendazole, dawa ya minyoo, wakiwa wajawazito walipata zaidi ukurutu, ugonjwa wa ngozi wa mzio. Kwa hiyo siombi tumwage vidonge ovyo. Naomba tupime.

Mpango wetu wa kichocho umejengwa shuleni: fimbo ya kupimia urefu ili kujua dozi, vidonge vikubwa vya dawa ya kichocho vya miligramu 600, mtoto wa miaka mitano na kuendelea. Lakini sindano ya pili ya surua inachomwa miezi 18, na mtoto wa mwaloni, pale ufukweni wanapopakulia samaki, kufikia umri huo ameshaogeshwa ziwani mara zisizohesabika. Mdogo huyu hana fimbo wala kidonge chake. Sasa dawa ya watoto wadogo ipo, ya miligramu 150, inayoyeyuka kwenye maji, kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, na Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2024. Naomba ifike zahanati za visiwani na mialoni kwanza, itolewe siku ya kliniki kwa watoto waliopimwa wakakutwa na kichocho, wiki kadhaa kabla ya sindano.

Na naomba fedha za kufuatilia watoto hao: kingamwili zao za surua, na ngozi zao pia, tuone kama ukurutu unaongezeka. Mafundi tupo, hadubini zipo. Kinachokosekana ni vitendanishi vya kupimia kingamwili na agizo kutoka kwako.

Wako katika kazi,
Fundi sanifu maabara, Kanda ya Ziwa