Kabla hujalipia ile Harrier

Moshi

Mpendwa Mama Lilian,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, baridi imeshashuka kutoka mlimani na watoto wanalala na masweta. Natumaini magoti ya Mama yanampa nafuu na kuku wanataga vizuri.

Ujumbe wako kuhusu ile Toyota Harrier nyeusi unayotaka kununua nimeupata, nikaona ni heri nikuandikie barua nzima, maana mambo haya hayaishi kwa meseji. Gari ni zuri, sikatai. Ila umenieleza rangi yake, rimu zake na viti vyake vya ngozi. Hujaniambia Mama ataingiaje ndani, wala trei za mayai zitakaa wapi. Kwangu mimi gari linaanzia hapo.

Maisha yako nayafahamu. Asubuhi unatoka Ngaramtoni, huko Arusha, kwenda shuleni, katikati ya wiki unashusha mayai kwenye hoteli za mjini, na siku ya kliniki unamleta Mama hospitali ya KCMC, safari ya kupita Sakina, Usa River, Kikatiti, Boma mpaka hapa Moshi. Hayo ndiyo maisha gari lako litakayoishi. Harusi na safari ya Krismasi zipo, lakini ni siku chache sana, na siku hizo hata ukikodi gari la mtu hujapungukiwa na kitu. Harrier ile ina injini ya cc 2362. Kwenye foleni ya asubuhi utakuwa unasimama na kuondoka, unasimama na kuondoka, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wakitangaza bei mpya ya mafuta utakuwa unashika kichwa. Mshahara wa mwalimu na faida ya mayai havitakiwi kuishia kwenye tangi.

Sasa nikwambie jambo ambalo madalali hawaligusi kabisa. Mtu mwenye magoti mabovu hapandi gari kama mimi na wewe. Mtazame Mama siku moja akiingia kwenye teksi: anageuka, anakipa kiti mgongo, anakaa kwanza, halafu ndipo anaingiza miguu, mmoja baada ya mwingine, akiwa ameshika kitu. Kiti kikiwa chini sana kama cha Premio, anadondokea ndani na kutoka ni kazi ya watu wawili. Kikiwa juu kama cha Prado, lazima akanyage ngazi, na goti ndilo linaloumia. Anahitaji kiti kilicho usawa wa makalio yake na mlango unaofunguka mpaka mwisho.

Ndiyo maana ningekuwa wewe ningeanza kutafuta Toyota Raum, ile new model iliyoanza kutengenezwa 2003. Najua utacheka, utasema hilo gari la wazee. Lakini fungua milango ya upande wa kushoto uone: wa mbele unafunguka kawaida, wa nyuma unateleza, na katikati hakuna nguzo. Upande wote unabaki wazi kama mlango wa duka. Na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, upande huo ndio wa pembeni ya barabara, kwa hiyo Mama anaingia bila bodaboda kumpitia mgongoni. Injini yake ni 1NZ, cc 1496, ile ile inayopatikana kwenye Toyota nyingine kama baadhi ya IST, Probox na Succeed. Mimi niko nyuma ya kaunta ya spea kila siku, najua maana yake: plagi, bushi, pampu ya maji, chochote utakachotaka utakipata Arusha na Moshi, na fundi wa mtaani ameshaifungua injini hiyo mpaka anaijua kwa giza. Inatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo ile gharama ya kubadilisha mkanda wa taimingi huna.

Ubaya wake nao nauona. Raum iko chini, na kipande cha kutoka lami hadi kwako wakati wa masika kinafanya mifereji ya kutisha. Tumbo likiburuza, achana nayo. Chaguo langu la pili ni Succeed, nayo uipitishe hapo hapo kwanza. Haina urembo hata kidogo, lakini sakafu yake ya nyuma ni bapa ukilaza viti, unapanga trei 20, yaani mayai 600, bila kubana, na Mama anakaa mbele kwa raha. Gari zote mbili zina toleo la fowili, yaani injini inazungusha tairi zote nne, na kwa kile kilima chako cha matope ningelitafuta hilo hata kama utasubiri kidogo. Ila fowili hainyanyui gari kwa kiasi cha maana, inasaidia tu tairi zishike. Kimo kinabaki karibu kile kile. Noah usiikatae moja kwa moja, ila uliza injini kwanza. Zile za D-4, zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, mafundi wengi huku wanazikwepa, pampu yake ya presha ni ghali na njia za hewa zinajaa masizi.

Muuzaji akikwambia "gari namba E hili, jipya", mwitikie kwa adabu na uendelee kukagua. Herufi ile inaonyesha gari limesajiliwa lini hapa Tanzania, haionyeshi limetengenezwa lini. Gari la 2004 linaweza kuwa na namba E. Mwaka wa kutengenezwa unausoma kwenye kadi. Kilomita za kwenye dashibodi nazo zinarudishwa nyuma, kwa hiyo tazama raba ya pedali ya breki, usukani na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlangoni. Gari linalodai kilomita 60,000 halafu raba ya pedali imelainika mpaka imeng'aa, mwenyewe unaelewa. Tairi zina tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 3219 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi zikiwa na kashata, yaani meno, nzuri lakini ni za zamani, hesabu gharama ya nyingine nne kwenye bei. Na kama gari limeishi Dar, Tanga au Zanzibar, lala chini ulione tumbo. Chumvi ya bahari inakula chasisi wakati bodi juu inang'aa.

Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti, iwe ya baridi kabisa, ndipo awashe. Injini ikishapata moto inaficha mengi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe mzito usiokatika, ogopa maji kuingia kwenye injini. Oili ya gia boksi iwe nyekundu na isinuke kuungua.

Kuhusu karatasi nitakuwa mkali kidogo, nisamehe. Taka kadi halisi, si kopi, na namba ya chasisi kwenye kadi uifananishe kwa macho yako na iliyogongwa kwenye gari. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uone kama lina madeni ya trafiki, kwa sababu kila kosa lina faini yake na yakirundikana yatakusumbua wewe. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, kisha umiliki uhamishwe TRA, kule mamlaka ya mapato, kwa TIN (namba ya mlipakodi) yako na ya muuzaji. Usikubali kuendesha gari lenye jina la mtu mwingine eti "tutabadilisha baadaye". Na akitokea mtu na gari rahisi lenye namba za Kenya pale Holili au Namanga, achana naye, ushuru wake haujalipwa.

Bado hujatoa hela, na hilo linanipa amani. Kabla ya kutoa hata ya kishika uchumba, mwombe muuzaji akuruhusu ulipeleke gari mpaka nyumbani, Mama akae ndani, trei ziwe nyuma, mpite kile kipande kibovu. Akikataa, tafuta gari lingine, yako mengi.

Ukipata Raum au Succeed ya kwenda kuangalia, nipigie. Fundi wangu yuko tayari kupanda basi la alfajiri tuje naye, nauli yake nitalipa mimi. Mwambie Mama nitamletea ndizi mchare, na Lilian mwambie shangazi yake anamsalimu.

Rafiki yako,
Mama Brian