Enyimba hawakubebwa na fedha za gavana tu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo wiki iliyopita umeimaliza habari ya klabu ya Enyimba ya Nigeria kwa sentensi moja: kwamba walichukua ubingwa wa klabu Afrika kwa sababu gavana alimwaga fedha. Zilimwagwa kweli, sibishi. Orji Uzor Kalu, aliyekuwa gavana wa Jimbo la Abia kuanzia 1999, aliipenda ile timu na hakuyaficha mapenzi yake. Ila mwandishi wenu kaidandia hadithi katikati na kushuka kabla haijafika.

Klabu hiyo ilizaliwa 1976 mjini Aba, mji wa Waigbo wenye soko la Ariaria na mafundi viatu wasiohesabika. Kwa miaka 25 haikuwahi kuwa bingwa wa Nigeria. Ubingwa wa kwanza ni wa 2001. Wenye soka la nchi walikuwa wengine. Na hao wenye nchi, kila walipofika fainali ya klabu bingwa Afrika, walirudi mikono mitupu: Rangers ya Enugu kwa Hafia ya Guinea 1975, Shooting Stars ya Ibadan kwa Zamalek ya Misri 1984 na tena 1996, na Iwuanyanwu Nationale ya Owerri kwa Entente Sétif ya Algeria 1988. Je, wote hao walikosa fedha?

Sasa njoo 2003. Sisi wa Simba tunaukumbuka mwaka ule kwa kumvua Zamalek ubingwa palepale Cairo kwa penalti, tukasahau tuliangukia kundi gani baada ya hapo: Enyimba, Ismaily ya Misri na ASEC ya Ivory Coast. Enyimba walituchapa 3-0 kwao, hapa nyumbani tukawafunga 2-1. Lakini kipigo kilichowauma zaidi kilikuwa cha Ismaily kule Misri, 6-1. Sita, Mhariri! Hapa kwetu kocha angetimuliwa kabla ndege haijatua. Kocha wao, Kadiri Ikhana, alibaki kwenye benchi, na mwishoni mwa mwaka timu ileile ilikutana na Ismaily yuleyule kwenye fainali. Enyimba walishinda 2-0 mjini Aba, wakafungwa 1-0 mjini Ismailia, kombe la kwanza la klabu bingwa likaenda Nigeria. Uvumilivu wa namna ile haupo kwenye hundi ya gavana yeyote.

Mwaka uliofuata walilitetea wakiwa na kocha mwingine, Okey Emordi. Étoile du Sahel walishinda 2-1 kwao Tunisia, Enyimba wakajibu 2-1 mjini Abuja, ikabidi penalti. Hapo wakafanya kituko: wakamtoa golini Vincent Enyeama, kipa ambaye baadaye alikuja kumnyima raha Messi kwenye Kombe la Dunia la 2010, wakamwingiza Dele Aiyenugba. Wakashinda 5-3. Tangu TP Englebert ya Lubumbashi, Mazembe ya leo, ilivyofanya 1967 na 1968, hakuna klabu iliyokuwa imelichukua kombe hilo mara mbili mfululizo.

Halafu kuna lile ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa. Kalu aliondoka madarakani 2007. Kama siri ilikuwa mfuko wake, Enyimba wangekuwa wameshashuka daraja zamani. Badala yake wamekuwa mabingwa wa Nigeria 2010, 2015, 2019 na 2023, hata baada ya kuhamahama, mara Port Harcourt mara Calabar, uwanja wao wa Aba ukiwa kwenye matengenezo. Afrika hawajairudia, hilo ni kweli, na hakuna klabu nyingine ya Nigeria iliyoutwaa ubingwa huo tangu 2004.

Mkirudi kwenye habari hiyo, naomba muiandike na ile 6-1. Na ile 2-1 yetu pia, maana mabingwa wa Afrika tuliwafunga.

Mwanasimba wa zamani,
Temeke, Dar es Salaam